Mwaka Tulipong'oa Nguzo ya Mzee Mafuru

Yakobo amezikwa Bunda Jumamosi iliyopita. Nilikaa chini ya turubai na wanawake wasionijua, nikala wali wa msiba kama mtu yeyote, nikasikiliza watu wakimsimulia: dereva hodari, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba, hakuwahi kupindua gari. Yote ni kweli. Hakuna aliyetaja Jumapili ile alipoendesha lori la ofisi bila kibali kutoka Bunda hadi Suguti, mimi nikiwa nimekaa katikati, Mzee Mafuru dirishani, na nguzo ya nyumba imefungwa kamba nyuma. Wangeitajaje, hawakuijua. Tuliosafiri siku ile tulikuwa watatu tu, na sasa nimebaki mimi, mwanamke mnene muuza mbao wa Iringo, pale Musoma mjini, ninayeulizwa na wateja mbona sikusoma nikawa injinia, maana naona ubao umepinda kabla haujashushwa garini. Huwa nacheka tu. Siku ya mazishi sikucheka. Nilirudi Musoma, nikaona kwamba nikifa nami kabla sijasema, nitakuwa nimemnyamazia yule mzee mara ya pili, na ile ya kwanza ilitosha.

Ulikuwa mwaka sabuni iliporudi madukani. Kabla ya hapo tulikuwa tukifulia majani ya mpapai na kupanga foleni kwenye duka la kaya kwa ajili ya sukari ya kikombe kimoja. Halafu wakasema ruksa, na Musoma ikajaa mitumba, vitenge vya kutoka Kenya na redio za kaseti. Lakini saruji na mabati vilikuwa bado vya kibali. Mtu aliweza kununua koti la Mzungu asiyemjua, akashindwa kupata bati moja la kumkinga mvua. Katikati ya mambo hayo, pale Bunda, kwenye ghala la pamba lililokaa tupu tangu ushirika ulipoanza kuyumba, serikali na wafadhili wake wakaamua kuanzisha makumbusho ya majengo. Ndani ya ghala zingewekwa milango ya zamani, vigoda, ramani, picha za maboma ya Wajerumani na maduka ya Wahindi yenye baraza. Nje, uwanjani, zingesimama nyumba za makabila ya Mara, nzima nzima, mtu aingie na kutoka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha uchoraji ramani, nikaajiriwa kupima nyumba na kuzichora. Nilikuwa msichana pekee kwenye mradi ule, na nilijiona, nakiri, kama niliyechaguliwa na Mungu mwenyewe kwa kidole.

Mkubwa wetu aliitwa Bwana Semkiwa, mtu wa Tanga, msanifu majengo aliyesomea Ulaya. Sitamsema vibaya. Alikuwa mpole, msafi, mwenye kukunja mikono ya shati mara mbili kamili, na alikunywa chai bila sukari hata sukari ilipopatikana, kwa kuwa alishaizoea shida. Neno lake lilikuwa moja: halisi. Ukimwambia kwamba fundi anaweza kujenga nyumba mpya kwa mtindo wa zamani, alitikisa kichwa. "Hiyo ni sanamu, Prisca. Mimi nataka halisi." Kwa hiyo tulikusanya vitu vilivyokwisha tumiwa na watu. Mimi nililala siku za kazi katika chumba cha nyuma ya ghala, na ilinibidi kila jioni nipite mbele ya milango thelathini iliyoegemezwa ukutani, milango isiyofungukia popote. Nyuzi za pamba zilizobaki darini zilidondoka upepo ulipovuma, zikatua kwenye karatasi zangu za kuchorea. Nilizipuliza, nikaendelea na kazi. Butiama tulikochukua vihenge vya mtama na mawe ya kusagia, niliwasikia bibi wawili wakisemezana nyuma ya lori, mmoja akamwambia mwenzake bila hata kushusha sauti, "Wakimaliza vyombo, watakuja kuchukua na wenye vyombo." Yakobo alicheka njia nzima. Mimi niliudhika, maana nilijua kazi yetu ni njema na wale ni watu wasiosoma.

Nyumba ya Mzee Mafuru tuliiona mwanzoni mwa kiangazi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba Suguti, upande wa ziwani, kuna msonge mkubwa wa mwisho uliobaki, na kweli ulikuwepo: paa la nyasi lililoshuka karibu kugusa ardhi, ndani giza la ubaridi, sakafu ya udongo iliyosiribwa ikang'aa, na katikati nguzo ya mti mgumu ambao jina lake kwa Kiswahili silijui hadi leo, mimi niliyeuza mbao miaka thelathini. Upande mmoja ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo Mzee alipoegemeza mgongo wake kila siku tangu alipokuwa kijana aliyeoa juzi. Bwana Semkiwa aliigusa ile sehemu kwa vidole viwili, akanitazama, na niliona macho yake yamelowa. Tukakaribishwa chakula, ugali wa udaga wa mihogo na samaki kamongo wa kukaushwa, na Bibi Nyabise, mke wa Mzee, akanitania kwamba mimi ni msichana wa ajabu, nazunguka kupima nyumba za watu na yangu sina. Alinitilia minofu ya mkiani kwa mkono wake. Mzee alikula bila haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, na alizungumza Kijita tu, lugha niliyoijua mimi lakini si Bwana Semkiwa, kwa hiyo kila alichosema kilipita kwangu kwenda kwa Bwana Semkiwa, na kila alichosema Bwana Semkiwa kilipita kwangu kurudi.

Mpango ulikuwa huu. Makumbusho yangechukua msonge wote, fito kwa fito, hadi Bunda. Badala yake Mzee angejengewa nyumba ya mabati na saruji, kwa ramani niliyoichora mwenyewe, vyumba vitatu na kibaraza. Magesa, mwanawe mkubwa, alikuwa ameshaanza kutembea kijijini kama mtu wa mabati kabla hata ya kuyaona. Lakini Mzee hakuwa na haraka. Tulikwenda mara ya pili, mara ya tatu. Na kabla ya ile mara ya tatu, Bwana Semkiwa aliniita mezani kwake na kuniambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba tukikosa nyumba hii nzima, pamoja na nguzo, wafadhili watahamishia fungu lote mkoa mwingine. La pili, kwamba ameandika barua ya kunipendekeza chuo cha usanifu Dar es Salaam, na ataituma makumbusho yakifunguliwa. Aliniachia niisome. Niliisoma mara nne. Ilisema nina jicho ambalo halifundishwi.

Siku hiyo Mzee alikubali. Alisema kwa Kijita, mkono wake ukiwa kwenye ile nguzo, maneno ninayoyakumbuka yote. "Chukueni nyasi, chukueni fito, chukueni na mlango. Nyumba ya mabati mniwekee pembeni pale. Lakini nguzo muiache kwenye shimo lake mpaka nife. Nguzo ya mtu hung'olewa akifa, haing'olewi yuko hai. Nikifa, mje muichukue, nimewapa." Bwana Semkiwa akanigeukia. Nilitazama chini, kwenye daftari langu la vipimo, nikasema, "Amekubali." Akasema, "Maneno yote yale ni hilo tu?" Nikasema, "Na anasema Mungu awabariki." Hakuna aliyenilazimisha. Magesa, aliyenisikia akaelewa nilichoacha, alitazama nje mlangoni kwa makini sana, na hakusema kitu.

Tulikwenda kung'oa asubuhi ya Jumanne. Nyasi zilishuka kwanza, kisha fito, kila moja nikiifunga kijikaratasi chenye namba, na hadi saa nne ilibaki nguzo peke yake uwanjani. Mafundi sita waliitikisa, ikagoma, wakaichimbua, ikatoka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha jiko, anatazama. Nilitegemea atapiga kelele. Nilikuwa hata nimeandaa cha kujibu. Alisogeza tu kigoda kufuata kivuli. Ndipo nikawaona wanawake wakija kwenye njia ya mihogo, mmoja mmoja, halafu watano, halafu kumi na zaidi, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani au ndoo ya maji. Walikuwa wamejifunga khanga kiunoni. Kwa upande ule, ukiona nguzo ya mtu imetoka ardhini huulizi kitu, unabeba kuni kwenda kwake, kwa sababu kuna msiba, na watu watapikiwa. Walifika uani na kumkuta marehemu amekaa kwenye kigoda. Wakasimama. Bibi mmoja aliyepinda mgongo, ambaye nadhani alikuwa ametoka mbali, alimtazama Mzee, akaitazama nguzo iliyolala kwenye nyasi, akamtazama tena Mzee. Kisha akatua kuni zake chini taratibu, akageuka akaenda zake. Wengine wote wakafanya hivyo hivyo. Tulipoondoka na lori, lile rundo la kuni lilikuwa refu kunizidi, na Bibi Nyabise alikuwa amejifungia jikoni.

Msonge ulisimama Bunda ndani ya wiki mbili, namba kwa namba, na ulikuwa mzuri kuliko vyote uwanjani. Niliuogopa. Nilijiambia ni uchovu. Mama aliyetupikia ugali wa mchana alianza kuzunguka na sufuria zake kupitia nyuma ya ghala, njia ndefu, na nilipomuuliza alinijibu kwamba nyumba ile imekaa kama mtu aliyenuna. Mlinzi aliomba ahamishiwe lindo jingine. Halafu asubuhi moja, lori la pamba lilisimama getini, akashuka Mzee Mafuru na kigoda chake na blanketi. Aliingia uwanjani bila kumwamkia mtu, akainama mlangoni, akaenda kukaa pale pale, mgongo kwenye sehemu yake laini. Nilimfuata. Nikamuuliza kwa Kijita kama ametembelea. Akasema hapana, amekuja kukaa. Kwamba kule kwake mahali pake pa kukaa hapapo. Nyumba ya mabati je? Akasema ndani ya mabati anasikia moyo wake mwenyewe unavyopiga, na watu wa kule hawamwitikii.

Nilidhani ni maneno ya uzee. Bwana Semkiwa alifurahi kupita kiasi. Alisema hakuna makumbusho barani yenye mwenye nyumba halisi ndani ya nyumba halisi, akaniagiza niandike kibao, "Mwenye Nyumba", nikiweke mlangoni. Nilikiandika. Nilikwenda kumpelekea Mzee uji kila asubuhi, na kila asubuhi alinishukuru akiniita mtoto wa nyumbani. Ilikuwa msimu wa kuuza pamba. Watu wa Suguti walipita barabarani mbele ya geti letu na magunia yao, na Mzee alipenda kutoka kusimama kwenye ua kuwaangalia. Siku moja alimwona mtu wa rika lake, akamwita kwa jina, mara mbili, kwa furaha. Yule mzee mwenzake alisimama. Hakuitika. Alivua kofia, akaishika kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, kama tunavyofanya tukipita penye kaburi, akasimama hivyo kitambo cha heshima, halafu akaivaa na kuendelea na safari. Nilikuwa nimesimama nyuma na bakuli la uji. Mzee aligeuka akaniona nimeona. Akasema tu kwamba uji utapoa.

Siku ile sikuweza kuchora mstari ulionyooka. Ufunguzi ulikuwa umepangwa, ukaahirishwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na ziara kwingine, ukapangwa tena. Mzee alianza kuacha chakula nusu. Nilikuwa najua nini kinammaliza, na nilikuwa najua kwamba ni mimi, na bado nilikaa siku nyingine tisa nikisubiri ile barua itumwe. Siku tisa. Nikihesabu dhambi zangu naanzia hapo, si kwenye uongo wenyewe, maana uongo ulinitoka kwa pumzi moja, lakini zile siku tisa niliamka kila asubuhi nikazichagua.

Mwishowe nilikwenda mchana wa mvua. Maji yalikuwa yakichuruzika pembeni mwa paa, ndani kulikuwa na moshi na joto. Nilimwamkia, nikakaa sakafuni, nikasema kwa Kijita kwa sauti isiyokuwa yangu: "Babu, siku ile uliyokubali, ulisema nguzo ibaki. Sikumwambia."

Aliendelea kukunakuna goti. Kisha akanijibu kwa Kiswahili. "Ninajua. Nilikusikia."

Nilidhani nimechanganyikiwa. "Babu, unajua Kiswahili?"

"Nilifanyaga kazi hapa hapa Bunda, kwenye jineri ya pamba, mwanaume kijana. Hata humu kwenye hili ghala nilibebaga marobota."

"Sasa kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

"Mambo ya nyumba tunayasemaga kwa lugha ya nyumbani. Ukiyasema kwa lugha ya barazani, yanakuwa ya baraza, kila mtu anaweza kuyapinga. Nilikuwa na mtu wa kunisemea. Nikakungoja." Akasogeza kuni motoni kwa kidole cha mguu. "Ukaangalia chini. Ukasema Mungu awabariki. Nikasema moyoni, huyu mtoto kuna kitu anakitaka sana."

"Siku ya kung'oa ungekataa."

"Ningekataa, yule bwana angekuuliza wewe. Angekufukuza kazi mbele ya watu." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeeleza kwa nini alichukua njia hii akaacha ile. "Wewe ulikula kwangu. Nyabise alikupa mkia."

Nililia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, ningeweza kuibeba. Huruma yake sikuwa na pa kuishika. Nimeishi na watu wengi waliodai wananipenda, na sijui mmoja wao aliyenifanyia jambo kubwa kama lile, na nilichostahili mimi kilikuwa kinyume chake.

Jioni ile ile nilimwambia Bwana Semkiwa kila kitu. Alikunjua mikono ya shati, akaikunja tena. Akasema, "Umenifanya mwizi, Prisca," na ilikuwa kweli. Kisha akasema mgeni rasmi anakuja Alhamisi, na baada ya hapo, Ijumaa, atairudisha nguzo yeye mwenyewe na kuomba radhi. Naamini alikusudia. Lakini Alhamisi ikaja, mgeni rasmi hakuja, ufunguzi ukapangwa wiki mbili mbele, na Bwana Semkiwa akasema neno lile wanalolisema wakubwa wapole: tuvumilie kidogo. Mzee alikuwa amebaki masikio na magoti. Jumamosi nilimfuata Yakobo alipokuwa akiosha lori. Hakuniuliza maswali. Alipima dizeli kwa kijiti, akasema itatufikisha Suguti, ya kurudi tutaiona mbele ya safari.

Jumapili watu walipokuwa kanisani, tulikita mirunda miwili kushikilia paa, tukachimbua nguzo, sisi wawili na mlinzi, ambaye alifungua geti kabla hatujamwomba. Mzee alielekeza kwa mkono: upole hapo, sasa vuteni. Njiani alichangamka. Pale Makutano tulisimama kula samaki wa kukaanga, akala sato mzima na kulamba vidole, akamwuliza Yakobo kwa Kiswahili kuhusu mabomba ya maji ya Musoma, akatuonyesha vilima vya upande wa Butiama alikokwenda kuchagua ng'ombe wa mahari. Yakobo alinikonyeza: tumefanya vizuri. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeshapanga kichwani jinsi tutakavyoitumbukiza shimoni, wanawake watakavyopiga vigelegele, nami nitakavyomwomba Bibi Nyabise msamaha. Nilikuwa na furaha, ndiyo, ya mtu aliyetenda kosa na kudhani kulirudisha ni sawa na kulifuta.

Bati ndilo lililoonekana kwanza, liking'aa hata macho yakauma. Nyumba yangu. Vyumba vitatu na kibaraza, kama nilivyochora. Mzee alikuwa ameomba iwekwe pembeni, na hilo nalo sikulifasiri, kwa hiyo kwenye ramani niliiweka mahali palipokuwa tambarare, ambapo ni pale pale uliposimama msonge, jambo ambalo katika furaha yangu ya njiani sikulikumbuka. Baada ya Mzee kuondoka walimalizia sakafu ya saruji, na shimo la nguzo sasa lilikuwa chini ya sebule. Na mbele ya kibaraza, upande wa kulia wa mlango, mahali anapozikwa mwenye mji, mkuu wa nyumba, kulikuwa na tuta la udongo ambao nyasi zilikuwa ndiyo kwanza zinauotea.

Magesa alinivuta pembeni. Ndama wawili walikufa, akasema, halafu mtoto wa nduguye akalazwa. Wazee wakakaa kikao. Wakasema nguzo imeng'olewa, mwenyewe haonekani, kuna mtu amekufa na hajazikwa, na mji hauwezi kukaa hivyo. Wakakata shina la mgomba urefu wa mtu, wakalifunga kwenye shuka lake, wakazika. Watu walijaa. Zile kuni za siku ile zilitosha kupikia matanga yote. Na mtoto, akasema, amepona. Alinitazama kama anayeniomba nimwambie kwamba amekosea, ili abishane. Yeye na mimi tulikuwa tumenyamaza siku moja, ndani ya nyumba moja.

Nyuma yetu Mzee alikuwa ameshuka mwenyewe garini. Aliwaamkia watu wa mji wake kwa majina, watoto, wakwe, jirani. Hakuna aliyeitika. Hawakukimbia wala hawakumtukana, waliinamisha vichwa. Leo najua kwamba alikuwa bado na miezi kumi na minne ya kuishi, na ataiishi chumbani kwangu Iringo, akila samaki furu wa kuchemsha na kusikiliza redio ya jirani. Kwamba mimi nitafukuzwa Jumatano, barua yangu itachanwa, makumbusho yatafunguliwa siku moja kwa picha na kufungwa kabla ya masika. Na kwamba nitamzika makaburi ya mjini, mimi na Yakobo na mchungaji, bila kilio, kwa kuwa kilio chake kilikwisha tumika. Saa ile sikujua lolote. Nilifikiri bado kuna mtu wa kumwomba.

Ndipo alipotoka Bibi Nyabise. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, amefunga kitambaa cheusi kiunoni. Alikuja mpaka karibu, akasimama, akanitazama mimi. Hakumtazama mumewe hata mara moja, ingawa alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Akaniambia kwa Kijita, polepole, kama mtu anayempa mwingine ujumbe asije akausahau njiani: "Mwambie mgeni wako kwamba mwenye mji huu amefariki. Mwambie tumeshamzika, tumeshanyoa. Mwambie nilimpenda sana. Mwambie asikae muda mrefu hapa, watoto wanaogopa."

Ilikuwa lugha waliyozaliwa nayo wote wawili. Lakini Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi, akangoja nifasiri.

Nikamwambia kwa Kiswahili. Nilimwambia yote, lile la kufariki, la kuzikwa, la kunyoa, na lile kwamba alimpenda, na lile la watoto.

Alitikisa kichwa kukubali. "Mwambie nimesikia," akasema kwa Kiswahili. "Mwambie poleni na msiba."

Nikamwambia Bibi. Akafumba macho, akayafumbua, akaniitikia kama inavyotakiwa kumwitikia mgeni aliyekuja kuhani msiba: "Tumeshapoa."